Utitiri wa masikio ya sungura: Mtibu bila kumwangamiza

Sungura ni mnyama mnyamavu. Mbuzi akiumwa hulia, mbwa hubweka na kulalama, hata kuku hujikunyata mahali ambapo kila mtu atamwona. Sungura hufanya kinyume. Hujibanza pembeni mwa kizimba na kuvumilia. Ndiyo sababu ugonjwa wa masikio unaweza kumla kwa wiki kadhaa kabla mwenyewe hajatambua kwamba kuna jambo.

Katika mitaa ya bara ya Mombasa, kuanzia Mtongwe na Shika Adabu huko Likoni, Mtopanga, Bamburi na Shanzu upande wa Kisauni, hadi Chaani na Magongo kule Changamwe, sungura hufugwa uani, kwenye roshani na hata juu ya paa la nyumba. Hahitaji shamba, hana kelele za kuwaudhi majirani, na majani ya kumlisha hayakosekani sokoni. Wengine humfuga kwa nyama, wengine humnunulia mtoto awe rafiki yake. Wote hao, siku moja au nyingine, watakutana na utitiri wa masikio.

Ugonjwa huu unatibika, na dawa yake si ghali. Hatari kubwa iko kwenye tiba inayotolewa kwa kubahatisha, kwani sungura wengi hufa kutokana na dawa waliyopewa na si kutokana na wadudu wenyewe. Makala haya yanaeleza ugonjwa ni upi, unatambuliwaje, na jinsi ya kuutibu kwa njia isiyomdhuru mnyama wala jamaa walio nyumbani.

UTITIRI NI KITU GANI?

Utitiri ni jamii ya wadudu wadogo sana walio karibu na kupe na buibui kuliko na chawa au viroboto. Akiwa mkubwa ana miguu minane. Ule unaoshambulia masikio ya sungura huitwa na wataalamu Psoroptes cuniculi. Urefu wake ni nusu ya milimita hivi, na mwenye macho makali anaweza kuuona kama nukta nyeupe inayotembea, hasa akitumia kioo cha kukuzia vitu.

Tofauti na wadudu wa upele wanaochimba ndani ya ngozi, utitiri huu hukaa juu ya ngozi. Huikwaruza na kuiudhi, kisha hula majimaji na maganda yanayotoka hapo. Ngozi nayo hujitetea kwa kuvimba na kutoa majimaji zaidi. Majimaji hayo huchanganyika na damu, nta ya sikio, ngozi iliyokufa na kinyesi cha wadudu, yakakauka na kuwa vigaga. Chini ya vigaga hivyo wadudu hupata chakula, joto na maficho, nao huzaana kwa wingi.

Jike hutaga mayai ndani ya sikio. Mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na kutoka yai hadi mdudu mkubwa anayeweza kutaga huchukua takriban wiki tatu. Msomaji aikumbuke hesabu hii ya wiki tatu, kwa maana tiba yote ya ugonjwa huu imejengwa juu yake.

Sungura huambukizana kwa kugusana. Mama huwaambukiza watoto wake ndani ya kiota. Sungura mpya aliyenunuliwa sokoni huja nao. Aidha, wadudu hawa huweza kuishi nje ya mwili wa mnyama, katika majani ya kulalia na nyufa za mbao, kwa siku kadhaa, na hali ya hewa ikiwafaa hufikia hata wiki tatu. Kwa hivyo kizimba kilichokaa mgonjwa leo kinaweza kumwambukiza mzima kesho kutwa.

KWA NINI SIKIO NI KIUNGO MUHIMU?

Watu wengi hudhani masikio marefu ya sungura ni ya kusikia tu. La hasha! Sungura hatoi jasho kama binadamu. Masikio yake yamejaa mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na mwili unapopata joto, damu hupita humo kwa wingi ili ipoe. Ni kana kwamba sungura amebeba feni zake kichwani.

Mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa joto la miezi ya Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi. Nyuzi hupanda kupita 30 mchana, na chini ya paa la mabati huwa zaidi ya hapo. Katika hali kama hiyo, sungura mwenye masikio yaliyovimba na kufunikwa na vigaga ana mzigo mara mbili: maumivu ya ugonjwa, na kiungo cha kupozea mwili kilichoharibika. Ndiyo maana inafaa ugonjwa huu ushughulikiwe mapema, na mgonjwa awekwe mahali penye kivuli na upepo wakati wote wa tiba.

DALILI ZA UGONJWA

Dalili huja hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Sungura hutikisa kichwa mara kwa mara na kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Ukimulika tochi ndani ya sikio, utaona ute au unga wa rangi ya kahawia ndani kabisa. Wengi hudhani ni uchafu wa kawaida.

Hatua ya pili: Vigaga huanza kujengeka, tabaka juu ya tabaka, vikiwa na rangi ya kijivu, manjano au kahawia. Mtu akiviona hufikiri ni maganda ya mkate mkavu yaliyopachikwa sikioni. Sikio hunuka, na huanza kulala upande mmoja kwa sababu ya uzito na maumivu. Ngozi ya nyuma ya sikio na ya shingo hutoka manyoya na kuwa na majeraha kwa sababu ya kujikuna.

Hatua ya tatu: Sungura hupunguza kula, hukonda, na hataki kuguswa kichwani. Bakteria huingia kwenye vidonda na usaha hutoka. Maambukizi yakipenya kiwambo cha sikio na kufika sikio la ndani, kichwa hupinda upande mmoja, na mnyama huzunguka-zunguka au kuanguka anapotembea. Hapa hali imekuwa mbaya, na hata akipona huenda kichwa kisinyooke tena.

Tahadhari moja ni muhimu: si kila kichwa kilichopinda kimeletwa na utitiri. Kuna bakteria wa njia ya hewa wanaoweza kuingia katika sikio la ndani, na kuna kijidudu kinachoshambulia ubongo na figo za sungura. Iwapo kichwa kimepinda ilhali masikio ni safi, mpeleke kwa daktari wa mifugo wala usitafute dawa ya wadudu.

Daktari huthibitisha ugonjwa kwa njia rahisi. Huchukua kiasi kidogo cha ute au kigaga kwa pamba, hukiweka kwenye kioo pamoja na tone la mafuta, kisha hukitazama kwa darubini. Wadudu huonekana wakitambaa. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, nayo humwondolea mwenye mnyama shaka yote.

MAMBO MATANO USIYAFANYE

Kwanza, usibandue vigaga. Hili ndilo kosa linalofanywa na watu wengi wenye nia njema. Chini ya kigaga kuna nyama mbichi. Kukibandua ni sawa na kumchuna mnyama ngozi akiwa hai: damu humwagika, maumivu huwa makali mno, na bakteria hupata mlango. Sungura anaweza kupatwa na mshtuko akafa mikononi mwako. Wadudu wakishakufa, vigaga hulegea na kudondoka vyenyewe baada ya siku kumi hivi au wiki mbili, na chini yake huwa kumeota ngozi mpya.

Pili, usitie sikioni mafuta ya taa, oili chafu ya gari, spiriti, wala dawa ya kunyunyizia mende na mbu. Vitu hivi huunguza ngozi iliyojeruhiwa. Isitoshe, sungura hujilamba na kujisafisha kama paka, kwa hivyo sumu iliyo juu ya ngozi huishia tumboni.

Tatu, usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, wala ile ya viroboto wa mbwa na paka yenye kemikali iitwayo fiproni. Fiproni ni salama kwa mbwa, lakini sungura akipakwa anaweza kuzubaa, kukataa chakula, kushikwa na degedege na kufa. Si ajabu mwenye duka akakuambia kwamba "dawa ni dawa, wadudu ni wadudu." Usikubali.

Nne, usimpe sungura viuavijasumu vilivyobaki kabatini. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kumeza, ambazo mtoto wa binadamu hupewa kila siku, ni hatari kwa sungura. Chakula cha sungura husagwa na bakteria wema walio katika utumbo wake. Dawa hizi huwaua hao, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria watoao sumu. Sungura huharisha na anaweza kufa katika siku chache. Linkomisini na klindamisini ni hatari vilevile. Kukiwa na usaha, daktari anazo dawa nyingine zinazomfaa mnyama huyu.

Tano, usichokonoe sikio kwa kijiti cha pamba. Tundu la sikio la sungura hushuka kisha hupinda. Kijiti husukuma uchafu chini zaidi, na mnyama akishtuka kinaweza kutoboa kiwambo.

VIPI KUHUSU MAFUTA YA NAZI NA MWAROBAINI?

Swali hili haliepukiki hapa Pwani. Kutia mafuta sikioni ni tiba ya zamani iliyotumiwa na wafugaji wa nchi nyingi kabla ya dawa za kisasa kupatikana. Mafuta huwakosesha wadudu pumzi na kulainisha vigaga. Kasoro yake ni kwamba hayaui mayai, hayawafikii wadudu walio nje ya sikio, na yanahitaji kutiwa tena na tena kwa mwezi mzima au zaidi. Kila mara sungura hukamatwa, hubanwa na kuumizwa. Wengi huacha katikati, na ugonjwa hurudi.

Kwa hivyo matone machache ya mafuta safi ya nazi, yaliyopashwa joto la mkono tu, yanaweza kumpa sungura nafuu ya ngozi kavu ikiwa daktari ameona kiwambo cha sikio ni kizima. Yasichukuliwe kuwa tiba kamili.

Ama mwarobaini, ni kweli kuwa mafuta ya mbegu zake yana uwezo wa kudhuru wadudu wa aina mbalimbali. Lakini majani yaliyotwangwa nyumbani hayana kipimo. Leo yatakuwa hafifu, kesho yatakuwa makali ya kuunguza kidonda. Mnyama wa kilo mbili hana nafasi ya kujaribiwa.

DAWA INAYOFAA

Dawa inayotegemewa zaidi na madaktari wa mifugo kwa ugonjwa huu ni ivamektini. Asili yake ni bakteria aliyepatikana katika udongo wa Japani na mwanasayansi Satoshi Omura. William Campbell na wenzake huko Marekani waliigeuza kuwa dawa, nayo ikaanza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981. Omura na Campbell walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Dawa hii imewaokoa mamilioni ya watu katika Afrika kutokana na ugonjwa wa upofu wa mtoni.

Kwa sungura, ivamektini hudungwa chini ya ngozi ya shingo au mgongo. Huingia katika damu, na wadudu hufa wanapokula majimaji ya ngozi. Kwa njia hii hakuna haja ya kugusa sikio linalouma. Lakini dawa hii haiui mayai. Ndiyo sababu sindano moja haitoshi. Daktari hurudia baada ya siku 10 hadi 14, na mara nyingi huongeza ya tatu baada ya muda kama huo. Wadudu walioanguliwa baada ya sindano ya kwanza hufa kwa sindano ya pili kabla hawajafikia umri wa kutaga. Anayeacha baada ya sindano ya kwanza kwa kuona sungura amepata nafuu, ameacha mayai yaendeleze kizazi.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, ambayo ni kipimo.

Ivamektini inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo imetengenezewa ng'ombe, kondoo na nguruwe. Aina ya kawaida ina nguvu ya asilimia 1, yaani kila mililita ina miligramu 10. Mililita moja ni kipimo cha ndama wa kilo 50. Kwa sungura, madaktari hutumia miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo ya uzito. Chukua mfano wa sungura wa kilo 2.5. Yeye huhitaji miligramu 0.5 hadi 1 tu. Ukigeuza iwe mililita, ni 0.05 hadi 0.1. Hicho ni kiasi kidogo kama tone moja au mawili.

Tazama basi bomba la kawaida la sindano la mililita 5. Mstari wake wa kwanza kabisa ni mililita 0.2. Mtu akivuta hadi hapo, ambapo ni kiasi kidogo kabisa anachoweza kupima, tayari amempa sungura huyo mara mbili hadi mara nne ya anachohitaji. Akivuta mililita moja nzima, amempa mara kumi hadi ishirini. Sungura aliyezidishiwa hulegea, hutetemeka, mboni za macho hupanuka, hushindwa kusimama, na huweza kuzimia na kufa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Daktari anachoweza kufanya ni kumsaidia mnyama apumue, asikaukiwe na maji, na kungojea.

Hesabu hii imetolewa ili msomaji aone kwa nini kazi hii ni ya daktari aliye na mizani na bomba dogo la mililita moja, wala si ya jirani aliyewahi kudunga ng'ombe. Kadhalika, zipo chupa za ivamektini iliyochanganywa na dawa nyingine za minyoo. Hizo zisitumiwe kwa sungura. Watoto wa sungura na majike wenye mimba huhitaji uangalifu zaidi, hivyo mwambie daktari mapema.

Dawa nyingine ni selamektini. Hii hudondoshwa juu ya ngozi kisogoni, mahali ambapo sungura hawezi kujilamba. Ni nzuri kwa mnyama anayeogopa sindano, lakini bei yake ni ya juu, na aghalabu hupatikana kwa madaktari wanaotibu mbwa na paka. Kipimo chake pia hutegemea uzito.

Mkabidhi mnyama wako kwa mtu aliyesajiliwa. Sheria ya mwaka 2011 inataka kila daktari wa mifugo na kila msaidizi wake hapa Kenya awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Si utovu wa adabu kumwomba mtu akuonyeshe hati yake. Huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo ofisi ya mifugo ya eneo lako ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

KAZI YAKO NYUMBANI

Daktari hudunga sindano, lakini kupona hutegemea nyumbani.

1. Mpime uzito kabla ya kwenda kwa daktari na kila wiki baadaye. Mweke ndani ya kikapu juu ya mizani, kisha utoe uzito wa kikapu. Anayepona huongezeka.

2. Mshike ipasavyo. Usimbebe kamwe kwa masikio, hata akiwa mzima. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ubebe makalio. Uti wa mgongo wa sungura ni mwepesi kuvunjika akirusha teke hewani. Kumkagua, mfunge kwa leso au taulo mwili mzima, kichwa kikiwa nje, na mtu wa pili akusaidie.

3. Chunga kula kwake kuliko kitu kingine chochote. Utumbo wa sungura haupaswi kusimama. Akikaa nusu siku au siku nzima bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, hata kama masikio yanaendelea vizuri. Mpe nyasi kavu safi kwa wingi, majani mabichi aliyoyazoea, na maji wakati wote.

4. Watibu sungura wote wanaokaa pamoja siku moja, hata wasio na dalili. Kumtibu mmoja na kuwaacha wenzake ni kutwanga maji kwenye kinu.

5. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mgonjwa, na nguo uliyovaa usiende nayo kwa sungura wengine.

KUSAFISHA KIZIMBA

Siku ya sindano ya kwanza, toa majani yote ya kulalia, magunia na maboksi, uyachome au uyazike. Anza kwa kukwangua na kupiga brashi kizimba kikiwa kikavu, ili upunguze matumizi ya maji, hasa kwa wale wanaonunua maji ya mitungi. Kisha sugua mbao, waya na vyombo kwa maji ya moto na sabuni, ukizingatia pembe na nyufa. Anika kwenye jua kali hadi pakauke kabisa. Jua la Mombasa ni msaidizi wa bure. Rudia kila wiki hadi tiba iishe.

Ikiwa una kizimba cha pili, acha kile cha kwanza kikae kitupu kwa wiki tatu au zaidi. Wadudu wakikosa mnyama wa kuwalisha, hufa wenyewe.

JE, BINADAMU ANAWEZA KUAMBUKIZWA?

Utitiri wa masikio ya sungura haukai katika sikio la binadamu. Mzazi asiwe na wasiwasi wa mtoto aliyekuwa akimpakata sungura huyo. Hata hivyo, yapo magonjwa mengine ya ngozi ya sungura yanayofanana na huu ambayo humwingia mtu.

Upele wa sungura huletwa na mdudu mwingine anayechimba ngozi. Huanzia puani, midomoni na kwenye vidole, si ndani ya sikio. Mtu akimshika mnyama huyo anaweza kuwashwa na kutoka vipele mikononi na tumboni. Choa, ambacho wengi hukiita mashilingi, nacho huhamia kwa watoto kwa urahisi, na huonekana kama duara zisizo na manyoya. Kuna pia utitiri wa manyoya, unaofanana na mba inayotembea mgongoni mwa sungura, ambao humuuma anayempakata. Ukiona dalili hizo kwa mnyama, na mtu nyumbani anajikuna, nendeni wote wawili: mnyama kwa daktari wake, na mtu hospitalini.

Wenye kufuga mbuzi pamoja na sungura wajue kuwa utitiri wa aina hii hupatikana pia katika masikio ya mbuzi. Watenganishwe.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Swali: Sungura wangu ni wa nyama. Baada ya sindano naweza kumchinja lini?

Jibu: Si leo wala wiki hii. Ivamektini hukaa katika mafuta na ini kwa muda mrefu. Mwambie daktari kabla ya sindano kwamba mnyama ataliwa, naye atakupa idadi ya siku za kungojea, ambazo huhesabiwa kwa wiki. Iandike tarehe hiyo ukutani. Kumuuzia mtu nyama yenye dawa ni kumdhulumu.

Swali: Kwa kuwa ivamektini hutumiwa pia na watu, je, dawa iliyobaki naweza kuitumia mwenyewe?

Jibu: Hasha. Ile ya binadamu ni vidonge vinavyotolewa kwa kipimo cha binadamu. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika jirani yetu Kwale, yaliyotangazwa mwaka 2025, yalionyesha kwamba vidonge hivyo vilipunguza maambukizi mapya ya malaria kwa watoto kwa asilimia 26. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya madaktari, kwa dawa ya watu, chini ya uangalizi. Chupa ya ng'ombe haina nafasi katika mwili wa binadamu.

Swali: Kwa nini masikio yamepona, na baada ya miezi miwili ugonjwa umerudi?

Jibu: Sababu huwa moja kati ya hizi: sindano hazikukamilishwa, sungura mmoja hakutibiwa, kizimba hakikusafishwa, au aliletwa sungura mgeni.

Swali: Sina pesa za daktari wiki hii. Nifanye nini?

Jibu: Mtenge mgonjwa mahali pa kivuli, safisha kizimba chake, mpe nyasi na maji, na usitie chochote sikioni. Wafugaji wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kumwita daktari siku moja, kwa kuwa chupa moja ya dawa hutosha sungura wengi. Gharama ya kila mmoja hupungua.

KINGA

Kuzuia ugonjwa huu kunahitaji mazoea matatu. Kwanza, kila Jumamosi au siku yoyote uliyoichagua, mulika tochi ndani ya masikio ya kila sungura. Sikio zima lina rangi ya waridi, ni kavu na halinuki. Wale wenye masikio yaliyolala wakaguliwe kwa makini zaidi, maana maradhi hufichika humo. Pili, sungura mpya asichanganywe na wenyeji mpaka akae peke yake wiki tatu hadi nne na akaguliwe. Tatu, usiazime dume wala kizimba bila kutazama masikio kwanza.

Watoto wanaweza kufundishwa kazi hiyo ya tochi, na wengi huipenda. Mtoto aliyezoea kutazama sikio la sungura wake kila wiki ataiona ile nukta ya kahawia mapema, wakati tiba ni nyepesi na mnyama hajaanza kuteseka. Akija kukuambia, msikilize, na simu ya kwanza iwe ya daktari.